Ridhaa ya Mgonjwa Isigeuzwe Kuwa Alama ya Kompyuta

Katika zahanati, vituo vya afya na hospitali nyingi nchini, lile daftari kubwa lenye jalada gumu, ambalo kwa miaka mingi lilikaa juu ya meza ya muuguzi, sasa linaipisha kompyuta. Mgonjwa anapofika huulizwa jina, umri, makazi na namba yake ya simu, na karani huyaingiza hayo yote katika mfumo. Hayo ni maendeleo ya kupongezwa. Lakini kwa mgonjwa wa maradhi ya muda mrefu kuna hatua ya pili inayofuata, nayo ni watumishi wachache wanaoitambua kuwa ni hatua ya peke yake. Hatua hiyo ni kumwandikisha mgonjwa katika mpango wa matunzo: mpango wa kifua kikuu, wa virusi vya UKIMWI, wa kisukari, wa shinikizo la damu, au wa mama mjamzito na mtoto.

Kutibiwa ni jambo moja, na kuandikishwa katika mpango ni jambo jingine. Anayetibiwa malaria hupewa dawa akaenda zake. Aliyeandikishwa katika mpango hufuatwa. Atapangiwa tarehe, atapigiwa simu asipofika, pengine atatembelewa nyumbani, na jina lake litaonekana kwa watumishi ambao hajapata kukutana nao. Kwa sababu hiyo, katika ukurasa ule ule wa kumwandikisha, mifumo mingi huwa na kijisanduku kidogo kinachosema kwamba mgonjwa ameridhia. Karani hukitia alama, na kazi ikaendelea. Swali ambalo kila mtumishi wa umma hana budi kujiuliza ni hili: je, mgonjwa huyo aliulizwa?

Chukua mfano wa mwalimu anayeandikishwa katika kliniki ya tiba na matunzo mkoani Kigoma. Namba ya simu anayoitoa ni ya mume wake, kwa kuwa siku hiyo yake imeharibika. Hakuna aliyemwuliza kama anakubali kupigiwa simu, wala kama anakubali kutembelewa nyumbani. Alama zote mbili zimewekwa. Baada ya mwaka mmoja anahamishiwa Songea. Anajiandikisha upya huko na kuendelea na dawa bila kukosa hata siku moja. Lakini kule Kigoma hakuna aliyefunga uandikishwaji wake wa kwanza. Mfumo unamhesabu kuwa ni mtoro. Mtumishi mwenye bidii, akitimiza wajibu wake kwa moyo safi, anapiga simu ile, kisha anakwenda kugonga mlango wa nyumba aliyokuwa akiishi na kuwauliza majirani habari zake. Kufikia jioni, mtaa mzima unajua kile ambacho mwalimu yule hakupata kumwambia mtu.

Katika kisa cha namna hiyo hakuna mwizi wala msaliti. Kuna uandikishaji uliofanywa haraka, na ridhaa iliyoandikwa bila kuombwa. Madhara yake, hata hivyo, hayawezi kufutwa kwa kubonyeza kitufe.

MALI BILA DAFTARI

Isifikiriwe kwamba dawa ya tatizo hili ni kuacha kuandikisha. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hakuna mali inayopita afya ya wananchi. Tena nchi hii ina sababu ya kujivunia katika jambo hili, kwa kuwa sehemu kubwa ya elimu ambayo dunia inaitumia katika kuandikisha wagonjwa ilitokana na kazi iliyofanyika hapa.

Mwaka 1977 ulianzishwa Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma. Dakta Karel Styblo, mtaalamu aliyezaliwa Czechoslovakia na kufanya kazi na umoja wa kimataifa wa kupambana na kifua kikuu, alishirikiana na waganga wa Tanzania kujenga utaratibu ambao msingi wake ulikuwa ni daftari la wilaya. Kila mgonjwa aliyeanza tiba aliandikwa. Kila baada ya miezi 3 hesabu ilifanywa, na kila jina lililoandikwa lilipaswa kuwa na mwisho wake: amepona, amemaliza tiba, tiba imeshindikana, amefariki, ameacha tiba, au amehamia kwingine. Haikuruhusiwa mgonjwa kuandikwa kisha akapotea hewani. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu huo na kuupendekeza kwa mataifa yote kwa jina la DOTS.

Siri ya mafanikio ya daftari lile haikuwa karatasi wala wino. Ilikuwa ni nidhamu ya kufuatilia kila jina hadi mwisho. Kompyuta haikuleta nidhamu mpya. Imeirahisisha tu ile ya zamani. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, magharibi mwa Kenya, Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani, walianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa wa vijijini katika kompyuta. Kutokana na kazi ya Eldoret ulianza, mwaka 2004, mfumo wa OpenMRS, ambao leo unatumika katika nchi nyingi. Ndani yake kuna sehemu maalumu ya mipango, ambamo mgonjwa huandikwa tarehe aliyoingia, hali aliyomo, na tarehe aliyotoka. Nchini Tanzania, kliniki za tiba na matunzo zina hazina ya taarifa ya CTC2, na vituo vingi vya serikali za mitaa vinatumia GoTHOMIS.

Mwenye kulielewa daftari la kifua kikuu, kwa hiyo, hana cha kuogopa katika kompyuta. Mpango una mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na mtumishi anayefungua wa kwanza bila kujali wa pili hajafanya kazi yake. Mgonjwa aliyehama asipofungiwa uandikishwaji wake wa zamani, atahesabiwa mara mbili: huku kama mtoro, na kule kama mgonjwa mpya. Dawa zitaagizwa kwa hesabu isiyo ya kweli, na Taifa litapanga bajeti kwa ajili ya watu ambao hawapo.

RIDHAA NI NINI

Jambo ambalo daftari la karatasi halikulionyesha kwa uwazi, na ambalo kompyuta imelifanya kuwa la lazima, ni ridhaa. Daftari lile lilikaa katika chumba kimoja. Aliyetaka kulisoma alipaswa kufika hapo, na muuguzi angemwona. Taarifa iliyo katika kompyuta inaweza kusomwa na watu kumi katika miji kumi kwa wakati mmoja, ikanakiliwa na kusafirishwa, na mwenyewe asijue. Uwezo huo ndio unaofanya mfumo uwe na manufaa, na ndio pia unaoufanya uwe na hatari.

Kosa kubwa la watendaji wengi ni kudhani kwamba ridhaa ni moja, na kwamba mgonjwa akishaingia mlangoni ameitoa yote. Ukweli ni kwamba zipo ridhaa kadhaa, na kila moja ina uzito wake. Kukubali kupimwa si kukubali kuandikishwa katika mpango. Kukubali kuandikishwa si kukubali kupigiwa simu. Kukubali kupigiwa simu si kukubali kutembelewa nyumbani. Kukubali taarifa zisomwe na hospitali ya rufaa si kukubali zipelekwe kwa watafiti. Mama anayesema ndiyo kwa la kwanza ana haki kamili ya kusema hapana kwa la tatu, na hapana yake haimpunguzii haki ya dawa hata kidonge kimoja.

Aidha, ridhaa haina budi kuwa na ufahamu ndani yake. Mtu hawezi kuridhia jambo asilolielewa. Kumpa mgonjwa asiyejua kusoma fomu ya kurasa 3 na kumwonyesha mahali pa kuweka dole gumba ni kufanya mchezo na utu wake. Maelezo yatolewe kwa Kiswahili chepesi, na pale inapohitajika kwa lugha ya mahali hapo, na mgonjwa apewe nafasi ya kuuliza. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni wa mtumishi anayekasirika akiulizwa.

Tena ridhaa haidumu milele. Hali za watu hubadilika: ndoa huvunjika, simu hupotea, mtu huhamia kwa ndugu asiopenda wajue habari zake. Aliyekubali mwaka jana anaweza kukataa mwaka huu. Mfumo mzuri humruhusu kufanya hivyo, nao huandika tarehe ya kukubali, tarehe ya kuondoa ridhaa, na jina la mtumishi aliyepokea maneno hayo. Kuondoa ridhaa ya kufuatwa hakumaanishi kufuta kumbukumbu za tiba. Mganga atakayemtibu mtu huyo kesho bado anapaswa kujua dawa alizotumia jana. Kinachosimama ni simu, ujumbe na ziara, kwa kadiri mgonjwa alivyotaka.

SHERIA IMEKWISHA KUSEMA

Haya si maoni ya watu wapole tu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi na familia yake. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 ilikataza kumlazimisha mtu kupimwa na ikaamuru matokeo yatunzwe kwa siri. Marekebisho ya mwaka 2019 yalishusha umri wa kuridhia kupimwa bila idhini ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, zinazohitaji ulinzi kuliko taarifa nyinginezo, na imetamka kwamba mtu aliyetoa ridhaa anaweza kuiondoa wakati wowote, bila kutakiwa kujieleza na bila kulipa chochote. Tume ya kusimamia sheria hiyo ilizinduliwa Aprili 2024.

Kwa hiyo mtumishi anayeweka alama ya ridhaa bila kuuliza hafanyi uzembe mdogo wa kiofisi. Anaandika katika kumbukumbu ya serikali jambo ambalo halikutokea. Mhasibu anayeandika malipo ambayo hayakufanyika huitwa mdanganyifu na kufikishwa mahali panapostahili. Hakuna sababu kwa nini uongo juu ya ridhaa ya mgonjwa uchukuliwe kuwa ni mwepesi kuliko uongo juu ya shilingi.

Ni kweli kwamba sheria inatambua hali ambazo ridhaa haiwezi kungojwa. Mtu aliyeletwa hospitalini akiwa hana fahamu atatibiwa kwanza. Kipindupindu kikizuka, mganga hana budi kutoa taarifa kwa wakuu wake bila kumwomba mgonjwa ruhusa, kwa kuwa uhai wa kijiji kizima uko hatarini. Lakini kutoa taarifa ya ugonjwa wa hatari kwa wanaohusika ni tofauti na kumwandikisha mtu katika mpango wa kumfuata kwa miaka mingi. Wanaochanganya mambo haya mawili, wakitumia dharura ya jana kuhalalisha uvivu wa leo, wanaidhulumu sheria na kuwadhulumu wananchi.

YALIYOWAPATA WENGINE

Mwerevu hujifunza kwa mwenzake. Nchini Uingereza, mwaka 2013, ulitangazwa mpango ulioitwa care.data, wa kukusanya mahali pamoja kumbukumbu za wagonjwa kutoka kwa madaktari wao. Mwanzoni mwa mwaka 2014 vikaratasi vya maelezo vilisambazwa majumbani nchini England, na yeyote ambaye hakukataa alihesabiwa kuwa amekubali. Wengi walisema hawakuviona vikaratasi hivyo, au waliviona wakadhani ni matangazo ya biashara. Zogo likazuka, mpango ukasimamishwa Februari mwaka huo huo, na Julai 2016 ukafutwa kabisa. Lengo lake halikuwa baya. Utafiti juu ya maradhi ungeweza kuokoa maisha ya watu wengi. Ulikufa kwa sababu wenye taarifa walifanywa kuwa wa mwisho kuambiwa. Nchi yenye hospitali za kisasa na mitambo ya kila aina ilishindwa na jambo la kuuliza.

Huko Singapore, Januari 2019, wakuu wa afya walitangaza kwamba majina na taarifa za watu 14,200 wanaoishi na virusi vya UKIMWI, raia na wageni, zilikuwa zimetolewa hadharani katika mtandao. Zilikuwa zimetoka katika orodha ya serikali yenyewe. Watu wale walikuwa wameandikishwa kwa ajili ya usalama wa umma. Nao umma ukashindwa kuwalinda. Kila anayeandika jina katika orodha ya namna hiyo ajue kwamba anajitwika dhamana ya kulilinda kwa muda wote orodha itakaokuwapo.

Mfano wa karibu zaidi unatoka Kenya, nao unawahusu walimu moja kwa moja. Februari 2015 lilitolewa agizo la rais la kukusanya taarifa za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya UKIMWI, pamoja na walezi wao, na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha. Nia iliyotajwa ilikuwa ni kupanga huduma. Shauri lilipelekwa mbele ya Mahakama Kuu mjini Nairobi, nayo Desemba 2016 iliamua kwamba agizo lile, kwa jinsi lilivyotaka majina yafungamanishwe na hali za afya, lilivunja haki ya faragha iliyomo katika katiba. Iliamuru majina yaliyokwisha kukusanywa yageuzwe kuwa namba, ili pasiwe na awezaye kuyafungamanisha na hali ya mtoto. Funzo ni bayana. Serikali inaweza kujua idadi ya watoto wanaohitaji dawa katika wilaya bila mkuu wa shule kushika orodha ya majina yao.

WAJIBU WA WALIMU

Walimu wana nafasi ya pekee katika jambo hili. Mara nyingi mwalimu ndiye mtu wa kwanza kutambua kwamba mtoto fulani hukosa shule kila mwezi tarehe ile ile, au kwamba binti fulani humeza vidonge kwa kificho bwenini. Hekima inamtaka mwalimu amsaidie mtoto huyo kwa kimya. Si kazi yake kumwandikisha, wala kutafuta jina la ugonjwa, wala kulitaja katika kikao cha walimu. Akiombwa na mradi wowote orodha ya wanafunzi wagonjwa, aulize kwanza: nani ameomba, kwa sheria gani, na wazazi wamekubali lini? Asiyeweza kujibu maswali hayo hastahili kupewa orodha.

Lipo pia suala la vijana wanaokua wakiwa ndani ya mipango. Mtoto aliyeandikishwa na mama yake akiwa na umri wa miezi 6 hakuulizwa chochote, na haikuwezekana kumwuliza. Lakini akifika umri wa kufahamu, haifai aendelee kubebwa na ridhaa ya mzazi kana kwamba bado yuko mgongoni. Inafaa aelezwe ugonjwa wake kwa upole na kwa hatua, kisha aulizwe kwa kinywa chake mwenyewe ni nani anapenda ajue, na afuatwe kwa njia gani. Vijana wengi huacha dawa katika umri huo, nao hawawezi kuupenda mpango ambao hawakupata kuambiwa kuwa wamo.

HOJA YA FOLENI

Watendaji wana hoja yao, na ni haki isikilizwe. Muuguzi mwenye wagonjwa arobaini katika benchi, kompyuta moja, na umeme usio wa uhakika, atasema hana dakika kumi za kumweleza kila mtu maana ya ridhaa. Atasema pia kwamba wakubwa wake hawamwulizi ni wangapi walioelewa. Humwuliza ni wangapi walioandikishwa. Shabaha za kimataifa za UKIMWI zilizoitwa 95-95-95, zilizowekwa zifikiwe mwaka 2025, zilimfikia muuguzi huyo zikiwa ni tarakimu za kila mwezi za kutuma wilayani.

Hoja hiyo ina ukweli, na ukweli wake ni lawama kwa wanaopanga kazi kuliko kwa wanaoitenda. Takwimu ni mtumishi mzuri na bwana mbaya. Mganga mkuu wa wilaya anayesifu kituo kwa wingi wa majina tu anawafundisha watumishi wake kukusanya majina. Angeuliza pia ni wangapi waliofungiwa uandikishwaji wao baada ya kuhama, na ni wangapi waliokataa kutembelewa nyumbani. Kituo ambacho wagonjwa wake wote, pasipo hata mmoja kubakia, wamekubali kila kitu, kinapaswa kukaguliwa. Binadamu hawakubaliani kwa kiwango hicho hata juu ya chumvi ya mboga.

Kuhusu muda, maelezo ya pamoja yanaweza kutolewa asubuhi kwa watu wote walio kwenye benchi, kama ambavyo kliniki za mama na mtoto zimefanya kwa miaka mingi katika masomo ya afya. Maswali ya siri yabaki kwa chumba cha faragha, na hayo yanahitaji dakika mbili tu: tukupigie simu? Kwa namba gani, na nani mwingine huipokea? Tukija nyumbani, tujitambulishe vipi? Dakika mbili hizo zinaokoa siku nzima ya kumtafuta mtu ambaye hakutaka kutafutwa kwa njia ile.

Mgonjwa asiyeuona mfumo kuwa ni rafiki ana silaha yake, nayo ni uongo. Atatoa jina la bandia, kijiji cha bandia na namba isiyopatikana. Kompyuta itapokea vyote bila kunung'unika. Mkoa utatuma taarifa nzuri, na mgonjwa atakufa nyumbani akiwa na jina ambalo hakuna anayelitafuta. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mara nyingi aliyemfundisha kuficha ni yule aliyetangaza.

KUMBUKUMBU NI ZA NANI

Lipo jambo moja zaidi ambalo Taifa haliwezi kulifumbia macho. Kwa miaka mingi, makarani wengi wanaoingiza taarifa katika mipango mikubwa, hasa ya UKIMWI, wamekuwa wakilipwa na miradi ya wafadhili. Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya namna hiyo barani Afrika ilitikisika kwa ghafla, na watumishi wengi wakaambiwa wasirudi kazini. Palipokuwa na karani aliyejua ni mgonjwa yupi amekubali nini, paliachwa kompyuta iliyofungwa.

Mgonjwa aliporidhia, hakuridhia na mradi. Aliridhia na kituo cha afya cha wananchi, ambacho kitakuwapo mradi utakapokuwa umesahauliwa. Kwa sababu hiyo uandikishaji na ridhaa ni kazi za mtumishi wa umma, na hazifai kukodishwa. Mafunzo yake yaingizwe katika vyuo vya waganga na wauguzi. Nywila ya mfumo iwe ya mtu mmoja mmoja, isiandikwe ukutani wala kuazimwa, ili kila alama iwe na mwenyewe. Na mradi unapofika mwisho, makabidhiano yahesabu kumbukumbu za wagonjwa kama yanavyohesabu magari na viti.

Wanaotengeneza mifumo nao wana sehemu yao. Kijisanduku cha ridhaa kisije kikiwa tayari kimetiwa alama. Kila ridhaa iwe na mahali pake, pamoja na jibu la hapana lililo rahisi kuandikwa sawa na la ndiyo. Mgonjwa akiandikishwa Songea, mfumo umkumbushe mtumishi kuuliza alikotoka, ili Kigoma wapate taarifa na kumfungia. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa mwaka 2023, itawaandikisha wananchi wengi kuliko mpango wowote uliotangulia. Makosa madogo ya leo yasiporekebishwa, yatakuwa makubwa kwa kadiri hiyo hiyo.

Wapo watakaosema kwamba mwananchi wa kawaida hawezi kuelewa mambo haya. Historia ya nchi inawasuta. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakashika majembe na kuchimba vyoo. Walielezwa sababu, wakaamini, wakatenda. Waliowahi kuelewa habari za vimelea visivyoonekana kwa macho hawawezi kushindwa kuelewa habari za jina lao wenyewe.

Mgonjwa anayefika kituoni amekwisha kupoteza nguvu, na pengine kazi na furaha. Kitu kimoja ambacho ugonjwa haujamnyang'anya ni neno lake. Muuguzi na aliombe neno hilo kabla ya kuligusa kitufe, na karani na aliandike kama lilivyosemwa.